Kikundi cha Presha na Sukari: Kujifunza Pamoja Kujitunza Nyumbani

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unapungua.)

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii katika zahanati moja huku Kwale. Leo nataka kuwasimulia habari za kikundi kinachokaa chini ya mwembe nyuma ya zahanati yetu, kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Ni kikundi cha watu wenye presha na ugonjwa wa sukari, pamoja na wanaowauguza. Mengi nitakayowaeleza sikuyapata chuoni nilipokuwa nikisomea diploma yangu. Niliyapata pale kwenye mkeka.

Kwanza tuelewane. Kuna magonjwa ya kuja na kuondoka. Mtoto akishikwa na malaria, tunapima, anameza dawa siku tatu, anarudi kucheza. Lakini kuna magonjwa mengine ambayo yakishaingia nyumbani hayatoki: presha, sukari, pumu, kifafa, baridi yabisi. Haya hatuyaponyi. Tunaishi nayo, na kazi ya kuishi nayo haifanyiki zahanati.

Hebu tupige hesabu. Mgonjwa wangu wa presha huja kliniki mara moja kwa mwezi. Kwa foleni tuliyo nayo, nikimpa dakika 10 nimejitahidi. Dakika 10 mara miezi 12 ni dakika 120, yaani saa mbili kwa mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Katika zile saa 8,758 zilizobaki, nani anamtibu? Ni yeye mwenyewe, na ni wewe mama unayempikia, unayemkumbusha dawa, unayemwosha miguu. Basi ikiwa ninyi ndio wauguzi wa saa 8,758, ni haki yenu mfunzwe kazi hiyo, tena mfunzwe vizuri.

Nami nilidhani nafunza. Nilipoanza kazi, kila asubuhi ya kliniki nilisimama mbele ya foleni nikahutubu. Punguzeni chumvi. Msikose dawa. Tembeeni. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakasinzia, nami nikaandika kitabuni kwamba mafunzo yametolewa. Mwezi uliofuata vipimo vilikuwa vile vile.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, mcheshi, hakosi kliniki hata siku moja. Presha yake ilikuwa juu kila mara. Siku moja nilipima nikapata 178 kwa 104. Tunataka mtu awe chini ya 140 kwa 90. Nilimwuliza, "Mama, unameza dawa?" Akajibu, "Nameza mwanangu, sikosi." Afisa wa kliniki akamwongezea dawa, na baadaye akamwongezea tena. Presha haikushuka.

Kikundi kilipoanza tulikuwa na wanachama 11. Katika mkutano wa tatu sikuhutubu. Niliuliza swali moja tu: katika hizi dawa, ni jambo gani linalowashinda? Kimya. Mwisho yule mama akacheka, akasema, "Mimi na mzee twagawana. Yeye pia ana presha, lakini kliniki hataki kuja. Asubuhi nameza mimi, jioni nampa yeye." Watu wakacheka. Kisha mwingine akasema yeye hukata kidonge nusu ili zimfikishe mwisho wa mwezi, maana nauli ya kurudi hana. Mwingine akasema yeye humeza siku kichwa kikimuuma. Tulipomaliza kuzunguka mkeka, watu 6 kati ya 11 hawakuwa wakimeza dawa kama tulivyowaandikia.

Mbele ya meza yangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia.

Kulikuwa na msichana mmoja pale aliyekuja kwa niaba ya mama yake. Hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alikuwa akifanya hivyo. Anameza kichwa kikiuma, kikipoa anaacha. Sasa namlisha kwa kijiko." Mama yake alipooza upande mmoja, na maneno hayatoki. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kunyamazisha watu namna ile.

Kina mama, hapo ndipo nilipofahamu. Mtu mzima anapokaa mbele ya muuguzi huona kama yuko mbele ya mwalimu. Anataka kutoa jibu la kupata alama. Akikaa na wenzake wenye shida ile ile, husema ukweli, kwa sababu yule wa kando naye amekwisha kusema wake. Na mimi bila ukweli huo natibu gizani. Fikirini hatari yake: yule mama tulikuwa tumemwongezea dawa mara mbili kwa kudhani anameza zote. Lau siku moja angezimeza zote kama zilivyoandikwa, presha ingeweza kushuka ghafla akaanguka. Wiki ile ile tulimwomba amlete mzee. Alikuja kwa shingo upande, akapimwa, akapewa kadi yake na dawa zake. Na za mama zikapunguzwa.

(Muziki mfupi.)

Huenda mnajiuliza kama jambo hili la kufunzana katika kikundi ni la kubuni huku kwetu. Sivyo. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, alifanya kazi Kate Lorig, ambaye kwa asili ni muuguzi. Yeye na wenzake walitengeneza mafunzo ya wiki 6, saa mbili na nusu kila wiki, kwa watu wenye magonjwa ya kudumu ya kila aina waliochanganywa pamoja. Mwaka 1999 walichapisha matokeo yao: waliohudhuria walifanya mazoezi zaidi na walilazwa hospitalini kwa siku chache zaidi ya wale ambao walikuwa bado hawajafunzwa. Kilichonivutia mimi ni kwamba wanaoongoza mafunzo hayo si lazima wawe madaktari. Ni watu wa kawaida waliofundishwa kuongoza, na wengi wao ni wagonjwa wenyewe. Na hapa Kenya, kina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi walitutangulia kwa miaka mingi. Vikundi vyao vya kusaidiana vimewafunza wengi kumeza dawa kila siku bila kukosa. Sisi wa presha na sukari tumechelewa tu.

Jambo moja tuliloliiga kutoka mafunzo yale ni mpango wa wiki. Kila mtu anasema kitu kimoja atakachofanya, kile anachotaka yeye. Lazima aseme ni kitu gani, kiasi gani, siku gani na saa ngapi. Kisha tunamwuliza: kutoka 0 hadi 10, una hakika kiasi gani kwamba utakifanya? Akisema 7 au zaidi, sawa. Akisema chini ya 7, mpango huo ni mkubwa, tunaupunguza.

Mama mmoja alisema, "Nitatembea kila siku saa nzima." Tukamwuliza hakika yake. Akafikiri, akasema 3. Ana wajukuu wanne na duka. Tukauliza huwa anakwenda wapi. Akasema kwa dada yake, ng'ambo ya mto, na huenda kwa bodaboda. Basi mpango ukawa: Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri, atakwenda kwa dada yake kwa miguu na kurudi kwa bodaboda. Hakika? Akasema 8. Na alikwenda. Miezi michache baadaye akawa anarudi kwa miguu pia, bila mtu kumwambia. Wataalamu wanasema mtu mzima atembee kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Najua, na yeye anajua. Lakini angeanza na hizo 150 angeacha siku ya pili.

Tena tunapokutana hatumwulizi mtu kwa nini ameshindwa. Tunamwuliza ni nini kilichozuia, kisha kikundi kinatafuta njia. Chukueni habari ya chumvi. Mimi nilikuwa nikisema mtu asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, yaani gramu 5, na hapo zihesabiwe zote, hata iliyo ndani ya mkate. Ni kweli. Lakini mkaza mwana mmoja akasema, "Sista, chungu ni kimoja, watu ni tisa. Nikipunguza chumvi mume wangu anasukuma sahani." Hilo somo langu halikuwa na jibu lake. Jibu lilitoka kwenye mkeka. Mmoja akasema apike kwa chumvi kidogo sana, atenge bakuli la mama mkwe, kisha atie chumvi kwa waliobaki. Mwingine akasema aongeze ndimu, kitunguu saumu na nazi, ulimi utasahau. Wa tatu akauliza kuhusu magadi wanayotia kwenye mboga ili ilainike upesi. Swali zuri sana! Magadi yana sodiamu, kitu kile kile kilicho ndani ya chumvi ambacho hupandisha presha. Vivyo hivyo vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Mtu anaweza kujisifu kwamba haongezi chumvi mezani, kumbe ameila kwa mlango wa nyuma.

Na kuhusu sima: wengi wenye sukari huamini sima ya mtama au ya wimbi hailetwi kwenye hesabu, wakala mlima. Sima ni sima. Iwe nyeupe au nyeusi, huwa sukari tumboni. Isiyokobolewa ni bora kidogo, lakini kipimo ndicho kikubwa. Sisi hutumia sahani yenyewe: nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharagwe, samaki au kuku, na robo tu ndiyo sima, wali au muhogo. Mwanachama wetu mmoja huuza mahamri. Yeye shida yake si kuyala, ni kuyaonja. Tulicheka naye sana, kisha tukapanga bintiye awe mwonjaji.

Sasa niseme jambo la hatari, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kikundi chetu kina mchango wa kila mwezi kama chama chochote, na kwa pesa hizo tulinunua mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake. Mashine tunaitumia pamoja. Sindano ya kutobolea kidole hatuitumii pamoja, kamwe! Kila mtu na sindano yake mpya, ikishatoboa mara moja inatupwa katika chombo kigumu. Hata ile kalamu ya kurushia sindano kila mtu awe na yake. Tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kupitisha homa ya ini ya aina ya B kutoka mtu hadi mtu. Na mashine ipanguswe kwa dawa ya kuua viini kabla ya kumpa mwingine. Ikiwa kikundi chenu hakina uwezo wa sindano kwa kila mtu, ni heri msipime siku hiyo. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za presha na sukari. Mwulizeni wa kijiji chenu.

Tunafanyia mazoezi pia siku mbaya. Kwa mwenye sukari anayetumia insulini, au vidonge vya aina fulani kama glibenklamaidi, siku mbaya zaidi inaweza kuwa ile sukari inaposhuka badala ya kupanda. Amemeza dawa kisha chakula kimechelewa, au amelima kupita kiasi. Anatoka jasho la baridi, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anaongea ovyo au anakasirika bila sababu. Mama mmoja alidhani mumewe amelewa. Kama mashine ipo na inasoma chini ya 4, ndiyo hiyo. Kama haipo, msingoje. Mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15. Asipopata nafuu, mrudie. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini kama amezimia au hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Katika kikundi tunafanya hivi kwa vitendo: mmoja anajifanya mgonjwa, mwingine anakoroga. Mara ya kwanza yule mkorogaji alitafuta kijiko hadi mgonjwa wetu wa kuigiza akasema, "Jamani, mimi nimekwisha kufa." Tangu siku hiyo kila mmoja ana mfuko mdogo wa sukari nyumbani, mahali panapojulikana na watoto.

Nina mama mwingine ambaye mtoto wake wa miaka 9 ana ile sukari inayohitaji insulini kila siku. Hapo mwanzo alijiona hana lake katika kikundi cha wazee. Sasa wale nyanya ndio humshikia mtoto anapokwenda sokoni, maana wamejifunza dalili. Yeye hana friji. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika friji ya zahanati, na chupa anayoitumia huiweka ndani ya mtungi mdogo wa udongo, juu ya mchanga uliolowanishwa, chumbani penye kivuli, imefungwa isiingie maji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi kuhusu joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambako joto lilikuwa kati ya nyuzi 25 na 37. Waligundua kwamba insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki 4. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani au juu ya bati. Ulizeni kliniki yenu kuhusu aina mnayotumia, na andikeni juu ya chupa tarehe mliyoifungua.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mazungumzo chini ya mwembe huwa marefu. Wako wanaofunga kwa siri bila kutuambia, wakidhani tutawakataza wote. Hatukatazi wote. Njooni kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, tuone nani anaweza kufunga na dawa zake zibadilishwe saa gani. Wengine, kama mtoto yule wa insulini, hatari kwao ni kubwa, na dini imewapa ruhusa ya kutofunga. Anayefunga apime sukari mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue siku hiyo hiyo, hata kama adhana imebaki nusu saa.

(Muziki mfupi.)

Wengi huniuliza watawezaje kuanzisha kikundi chao. Si kazi ngumu, ila ina masharti. Watu wasiwe wengi. 8 hadi 15 wanatosha, wakizidi wengine hawatasema. Mwenyekiti awe mtu mwenye ugonjwa huo, si muuguzi. Muuguzi awe mgeni wenu wa kujibu maswali na kupima. Ya mkeka yabaki kwenye mkeka; tulimpoteza mwanachama mmoja kwa sababu habari zake zilifika kisimani kabla yake, na hajarudi hadi leo. Wanaouguza wakaribishwe, lakini wasijibu maswali kwa niaba ya mgonjwa aliyekaa hapo hapo. Kina mama, hilo ni letu, tunapenda kusemea watu.

Na muwe macho. Kikundi kikisikika, wauzaji huja. Kwetu alikuja mtu na chupa za mitishamba, akidai mtu akinywa siku 40 anaacha vidonge. Wawili walinunua. Sisemi majani yote ni mabaya, lakini anayekuambia uache dawa ya presha au insulini anakupeleka pabaya. Sasa sheria yetu ni kwamba hakuna kuuza dawa mkutanoni, hata kama muuzaji ni shemeji wa mwenyekiti.

Siwezi kuwaambia kwamba vipimo vya watu wote vimeshuka. Wako ambao havijashuka. Mmoja tulimzika mwaka jana, na kikundi kizima kilikwenda. Lakini siku hizi mtu akiwa amekosa dawa ananiambia amekosa, na ananiambia kwa nini, ndipo tunapata pa kuanzia. Na yule msichana anayemlisha mama yake kwa kijiko bado huja. Yeye ndiye anayewapokea wageni wapya. Huwaonyesha namna ya kupima presha sawasawa: mtu apumzike dakika 5, akae na mgongo umeegemea, miguu miwili chini, mkono mezani usawa wa moyo, wala asizungumze. Halafu huwafunza dalili za kiharusi, uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, na kwamba mtu akionyesha moja tu kati ya hizo apelekwe hospitali saa ile ile, si kesho asubuhi. Mama yake aliachwa alale kwanza.

Jumanne ijayo ni siku yetu ya kukagua miguu, na aliye karibu anakaribishwa. Njooni na kioo kidogo cha kutazamia nyayo, na viatu mnavyovaa kila siku, si vile vya harusini. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia kipindi.)